Barua ya wazi kwa wakubwa wa mpira: someni majina ya watu wetu uwanjani

Kwa wakubwa wa FKF, shirikisho la mpira la Kenya, kule Nairobi, kwa wanaopanga ligi, kwa maafisa wa michezo wa kaunti za Kisumu, Kisii, Kakamega na Nakuru, na kwa makamanda wa KDF, jeshi letu la Kenya, wenye timu yao Ulinzi Stars,

Habari zenu wakubwa. Najua barua ndefu hamsomi, mnaangalia tu chini ni nani ameandika ndio mjue ni wa mrengo gani, basi niwatoe wasiwasi mapema. Mimi sina mrengo. Nauza jezi za mitumba hapa soko la Kibuye, Kisumu, ukija Jumapili ukapita wale wa viatu utanipata na kamba zangu tatu na stuli moja, na nimekuwa shabiki wa Gor Mahia tangu siku za kubebwa mabegani nikipitishwa geti bure.

Hii maneno imeanzia kwa jezi. Kuna mzigo nilifungua Novemba iliyopita, ndani nikapata jezi moja safi ya timu ya Uingereza, kamera kabisa, yaani daraja ya kwanza, haina hata uzi umetoka, na pale kifuani kando ya nembo kumeshonwa ua dogo jekundu lenye kidoti cheusi katikati. Nikaitundika mbele. Akaja kijana mmoja wa boda, akaishika, akasugua lile ua na kidole gumba, akaniuliza, "Mzee, hii ni sponsa gani?" Nikamwambia si sponsa, ni ya kukumbuka watu waliokufa vitani. Akaniangalia. "Kwani timu ilifiwa?"

Nikamweleza vile naelewa. Akasema sawa, jezi ameipenda, lakini yeye hawezi kutembea na matanga ya wenyewe kifuani, nimtolee. Nikampelekea fundi wangu wa cherehani, akachokora uzi na wembe polepole, ua likatoka zima, lakini pale lilipokuwa pakabaki vitundu vidogo vidogo vya sindano, ukiangalia karibu bado unaona umbo lake. Kijana akalipa mia tatu hamsini akaenda. Lile ua nikalitupa kwa mkebe wa chenji na mpaka leo liko hapo, kila nikitafuta shilingi ishirini nakutana nalo.

Matanga ya wenyewe. Hilo neno ndilo limenifanya niwaandikie.

Wenyewe kule Uingereza hawachezi na hii kitu. Kila Novemba, wikendi iliyo karibu na tarehe 11, viwanja vyote ni hivyo hivyo, ua la popi kwa jezi, askari wamesimama kati ya uwanja, mtu anapuliza tarumbeta, halafu watu elfu hamsini wananyamaza mpaka unasikia kikohozi kwa TV. Na kitu ya kushangaza ni kwamba hata sisi tunanyamaza. Mimi nimekaa kwa show ya mpira Kondele, tumejazana kama omena kwa gunia, na hiyo dakika ikifika mtu hata hapigi simu, mama wa chapati pale mlangoni anaacha kugonga kikaango, tunawalilia watu wa Uingereza dakika nzima, refa akipuliza ndio tunaanza kutusiana.

Simaanishi ni vibaya. Wako na sababu yao. Bunduki zilinyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918 saa tano asubuhi, na mpira wao ulizika watu wake kweli, si hadithi. Timu ya Hearts ya Edinburgh wachezaji wake walijiandikisha jeshini kwa kundi mwaka 1914 na saba hawakurudi, mpaka leo kuna mnara wa saa pale Haymarket tangu 1922 na watu hukusanyika hapo kila Novemba. Walter Tull, mtu mweusi aliyechezea Tottenham na Northampton, akawa afisa wa jeshi wakati ambapo mtu mweusi hakuwa anaruhusiwa kuamrisha wazungu, akauawa Ufaransa Machi 1918. Hao ni watu wenye majina. Mtu akinyamaza anajua ananyamazia nani.

Sasa nije kwetu. Boma letu liko Seme, na kando ya nyumba ya zamani ya babu kuna kaburi moja ambalo halina mtu. Ndani kuna tunda la yago. Wajaluo mnajua, wengine niwaeleze kidogo: mtu wako akipotea ziwani au vitani na mwili usipatikane, unachukua tunda la yago, lile refu zito linaning'inia mtini kama soseji kubwa, unalizika badala yake, unalia, unanyoa, maisha yanaendelea. Waluhya wengine wanatumia mgomba. Lile la kwetu ni la baba ya babu yangu. Babu alikuwa hata hajaanza kutembea vizuri wakati baba yake alichukuliwa mwaka 1917, mwaka ule John Ainsworth, ambaye alikuwa PC, yaani mkuu wa mkoa, wa Nyanza hapa hapa Kisumu, alipewa kazi ya kutafutia jeshi wapagazi, na chifu akiambiwa lete watu kadhaa hakuwa anauliza nani anataka. Wakaenda Kariakoo. Hilo jina mnalijua, ni Carrier Corps vile ilitamkwa na watu wetu, na hao watu kazi yao haikuwa kupiga bunduki, ilikuwa kubeba. Unga wa jeshi, risasi, mahema, hata viti vya mabwana, kilo ishirini na tano kichwani, miguu mitupu, kutoka huku mpaka ndani ndani ya Tanganyika na Msumbiji. Wengi hawakufa na risasi. Walikufa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, yaani walikufa wakibeba chakula cha watu wengine.

Hesabu ya Waingereza wenyewe ya wapagazi waliokufa inapita 40,000, na wanahistoria wengi wanasema hiyo ni ndogo. Na mwaka 2021 ile tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kupitia kwa ripoti yake kwamba kuna watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Misri, ambao hawakuandikwa jina mahali popote au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wao wa ulinzi wakati huo, Ben Wallace, akasimama bungeni mwezi wa nne akaomba msamaha. Kwa hivyo sisemi maneno ya kilabuni, hii wenyewe wamekiri.

Kuna sanamu Nairobi, Kenyatta Avenue, watu watatu wa shaba, iko hapo tangu 1928. Siku moja nikiwa nimeenda kuchukua mzigo Gikomba nikajipeleka kuiangalia. Imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, inasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho inamwambia yule aliyekufa kwamba watoto wake watalikumbuka jina lake. Nikazunguka sanamu yote, mbele, nyuma, nikainama mpaka askari wa kanjo akaanza kuniangalia vibaya, natafuta majina. Hakuna hata moja.

Halafu angalia sisi mafans. Gor ikicheza City Stadium tukitoka tunaenda Burma kula nyama, wengine wanapitiliza Kariokor kula nyama tena. Burma ni kule Keya, yaani askari wetu wa KAR, jeshi la mkoloni, walipelekwa kupigana na Wajapani 1944, Kariokor ni Carrier Corps. Tunajaza tumbo kwa majina ya vita, tunajifuta mikono, tunapanda basi ya Kisumu. Mimi nimefanya hivyo miaka na miaka na sikuwahi kujiuliza.

Na msifikiri vita vilikuwa mbali. Wale wa Kisii, Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wenu, jeshi likatoka Kisumu na meli likashukia Kendu Bay, wakapigana pale Kisii tarehe 12. Shabana leo wanacheza Gusii Stadium katikati ya mji huo huo, watu wamejaa mpaka juu ya paa za majumba ya jirani. Juni 1915 meli zilitoka hapa bandarini kwetu zimejaa wanajeshi kwenda kuvamia Bukoba ng'ambo ya ziwa. Kando ya bandari hiyo ndipo sisi tulikuwa tunaenda kula samaki Jumapili. Ukitaka vita vya dunia hauhitaji visa, teremka tu ufukweni Lwang'ni.

Tarehe nayo iko. Tena ni yetu peke yetu. Kule Ulaya walimaliza tarehe 11 Novemba, lakini jenerali wa Wajerumani huku kwetu, Lettow-Vorbeck, alikuwa porini hana habari, zilimfikia siku kadhaa baadaye, na alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, siku hizi panaitwa Mbala, Zambia. Wiki mbili. Paris watu wanacheza densi barabarani, na mtu wa Seme, wa Butere, wa Kisii bado ana mzigo kichwani. Kwa hivyo mkiamua kufanya hii kitu, tafadhali msituletee tarehe 11 na ua la karatasi. Tarehe 25 Novemba, au wikendi iliyo karibu nayo. Ligi huwa inaendelea wakati huo, si lazima msimamishe chochote.

Sasa niseme ile inaniuma zaidi, na hapa sitataja uwanja wala timu, waliokuwa watajijua.

Kuna mechi nilienda, ilikuwa saa tisa jua kali, timu zimejipanga, jamaa wa maiki akatangaza dakika moja ya ukimya kwa ajili ya mashujaa wetu waliotangulia. Wagani? Hakusema. Tukasimama. Mimi niliangalia saa kwa simu. Sekunde ya tano spika ikaanza kucheza tangazo la kampuni ya kubeti, mtu wa mitambo alikuwa amesahau kuizima, sauti ya mwanamke inatuambia weka shilingi hamsini ushinde milioni, jamaa wa maiki anampigia mikono, mtu wa njugu anapita katikati yetu njuguuu, njuguuu moto, wachezaji wanaangaliana wanacheka, na sekunde ya kumi na tisa refa akapuliza. Kumi na tisa. Mzee mmoja kando yangu alikuwa amevua kofia, akairudisha kichwani polepole, akasema kwa Kijaluo maneno ambayo siwezi kuandika hapa, halafu akaongeza kwa Kiswahili, "Heri wangetuacha tukae."

Na ndio ile dakika moja inatolewa kwa kila mtu siku hizi. Shangazi ya mheshimiwa, dakika moja. Aliyekuwa mweka hazina wa tawi, dakika moja. Mungu awalaze pema, sina ubaya na marehemu, lakini mnaitumia kama pipi ya chenji, mpaka watu wanajua ikitangazwa ndio wakati wa kuenda kununua soda.

Mimi nimefikiria sana kwa nini haishiki, na nimeona shida si nidhamu ya mafans vile mnapenda kusema. Shida ni kwamba ukimya si wetu. Nani alikuambia Mjaluo huomboleza akiwa kimya? Mzee akifa kwetu kuna tero buru, watu wanakimbiza kifo mpaka nje ya mpaka na ng'ombe, na fimbo, na pembe zikipulizwa, siku hizi hata na pikipiki na vuvuzela. Kakamega ukimwondoa mtu bila ngoma ya isukuti watu watasema mlimzika kama paka, na hiyo isukuti hata UNESCO iliiandika kwa orodha yake mwaka 2014, kwa hivyo si kelele tu. Tunajua kulia kwa sauti. Mtu ananyamaza kwetu akiwa ameshangaa au akiwa ana deni.

Kwa hivyo ombi langu si mtufundishe kunyamaza. Ombi langu ni majina. Kabla mechi ianze jamaa wa maiki huwa anasoma kikosi, namba moja fulani, namba mbili fulani, na watu wanaitikia kila jina. Siku hiyo moja kwa mwaka, akimaliza vikosi viwili, asome kikosi cha tatu. Majina kumi na moja ya watu wa hiyo kaunti ambao walienda vitani na hawakurudi. Jina, mahali alitoka, alikufia wapi kama inajulikana, basi. Na watu waitikie vile wanaitikia mchezaji. Akimaliza, Kisumu mtu mmoja apulize oporo, ile pembe yetu, uwanja wa Bukhungu kule Kakamega wapige isukuti, Gusii Stadium wafanye ya kwao wanavyojua, halafu refa apulize na mpira uchezwe. Haiwezi kupita dakika mbili. Hakuna gwaride, hakuna hotuba, na nawaomba kwa magoti, hakuna mwanasiasa kushika maiki, kwa sababu akishika hiyo maiki marehemu watageuka ajenda na sisi tutarudi kununua soda.

Mtaniuliza majina yatatoka wapi na nimesema hayakuandikwa. Yako bomani. Tangazeni mwezi mmoja mbele kwa redio za huku, watu walete. Kuna kaburi za yago na za mgomba kila mahali kuanzia Alego mpaka Bungoma, na kila moja nyanya fulani anajua ni ya nani. Majina ya Keya, waliokufa Burma au waliozama na meli ya Khedive Ismail Februari 1944 pamoja na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, watu 1,297 ndani ya dakika chache baharini, hayo mengi yako kwa rekodi za jeshi. Afrika Kusini wameweza, Januari 2025 walifungua ukumbusho pale Cape Town wenye majina zaidi ya 1,700 ya watu weusi waliokuwa wakibebea jeshi mizigo kwa vita vile vya kwanza, kila mtu na mti wake wa mbao na jina limechongwa. Sisi hatuombi mbao. Tunaomba maiki ambayo iko hapo tayari.

Na wale wa juzi. Hapa makamanda wa KDF nawaongelesha nyinyi, kwa heshima. Tarehe 15 Januari 2016, El Adde, kule Somalia, al-Shabaab walivamia kambi yenu. Kikosi kilikuwa cha 9 Kenya Rifles, watu wa Moi Barracks hapa Eldoret, si mbali. Marais watatu walikuja Eldoret kuomboleza, wa kwetu, wa Nigeria na wa Somalia, lakini mpaka leo serikali haijatuambia walikufa wangapi. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo, kambi nyingine kule kule, Kulbiyow. Nyinyi mko na siku yenu tarehe 14 Oktoba, nzuri, lakini hiyo ni siku ya jeshi, na mimi naongea juu ya mtoto wa mtu.

Nina mteja, mama wa makamo, huja na mjukuu wake kila mwanzo wa muhula. Mimi pia huweka majina mgongoni, nina ile pasi ya kubandika herufi, mia mbili kwa jina. Mara ya kwanza alileta jezi ya Gor ya mtoto, akasema niweke jina, nikadhani ni la mtoto, nikaanza kuzitafuta herufi. Mtoto akaniambia, "Si langu, ni la daddy." Baba yake alibaki Somalia. Nilipiga pasi herufi moja moja, zile zetu za mitumba huwa hazitoshani, E ilikuwa kubwa kuliko zingine, nikamwambia mama nitaibadilisha akasema wacha, mtoto ashaivaa. Kwa hivyo niwaambie ukweli, hilo jina limeshaingia Moi Stadium mara nyingi, liko mgongoni mwa mtoto wa miaka kumi, tatizo ni kwamba hakuna aliyeligeukia.

Na nyinyi mko na timu! Ulinzi Stars, mabingwa 2003, 2004, 2005, tena 2010, miaka ile mkicheza nyumbani Afraha pale Nakuru sisi tulikuwa tunakuja na mabasi na mnatupiga bila huruma. Hakuna timu Kenya inaweza kuanzisha hii kitu kwa urahisi kama yenu. Familia zikikubali, na lazima ziulizwe kwanza, msitoe jina la mtoto wa mtu bila ruhusa ya mama yake. Asiyetaka aachwe.

Hapo kwa kulazimisha nisimame kidogo, kwa sababu naona mahali hii inaweza kuharibikia. Kule Uingereza hii ya ua imefika mahali watu wanahesabiana nani amevaa nani hajavaa. Mwaka 2011 FIFA iliwakataza kuivaa kwa mechi na Spain, mpaka Prince William akaandika barua na jamaa wawili wakapanda juu ya paa la ofisi za FIFA kule Zurich na bango, mwisho wakakubaliwa kuivaa kwa kitambaa cha mkononi. Mwaka 2016 wakavaa tena wakapigwa faini, England peke yake faranga 45,000 za Uswisi. 2017 sheria ikalegezwa, sasa unaweza kukumbuka tukio kubwa la taifa mradi ufikirie hisia za wale wa upande wa pili, kwa hivyo FKF msije mkajificha nyuma ya FIFA. Lakini wakati huo wote kulikuwa na mchezaji mmoja, James McClean wa Ireland, aliyekataa kuvaa, akawa anazomewa viwanja vingi. Yeye ametoka Derry, mji ambao wanajeshi wa Uingereza waliwapiga watu risasi wakiandamana tarehe 30 Januari 1972. Alieleza kwamba hana shida na kukumbuka waliokufa kwa vita vya dunia, lakini hilo ua linakumbuka pia wale waliofyatua.

Mtu wa Kisumu hahitaji kuelezewa hiyo mara mbili. Sisi tuko na 25 Oktoba 1969, siku Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali ya Russia na askari wakapiga watu risasi, na tuko na zingine za karibu ambazo hata sitaanza kuzitaja, na uwanja wetu wa Mamboleo wenyewe uko na jina la huyo huyo Kenyatta, ambalo wengine wetu tunalimeza na maji. Kwa hivyo msituambie tusimame kuheshimu jeshi, wala serikali, wala bendera. Wako watakaokaa, na wakikaa msiwatumie askari. Baba ya babu yangu hakupigania nchi yoyote, nchi yenyewe haikuwepo, alipewa mzigo. Nikisimama nasimama kwa ajili ya shingo yake. Yule mama akisimama anasimama kwa ajili ya mtoto wake, na hilo halimaanishi anakubaliana na aliyemtuma.

Tena uwanja ushazoea machozi yetu. Oktoba 2025 tulileta mwili wa Baba, Raila Odinga, pale Mamboleo, mkaona wenyewe watu walivyofurika, hakuna aliyesema uwanja ni wa mpira tu.

Watu wa Ingwe, mafans wa AFC Leopards, pia nisiwasahau, najua mtasema hii ni maneno ya Gor. Siku zile Butere na Seme zote zilikuwa Nyanza moja, mzungu alituita sote Kavirondo, na aliyekuwa nyuma ya baba ya babu yangu kwa ile foleni pengine alikuwa babu yenu, wamefungwa mizigo inayofanana. Ushemeji wetu haukuanzia kwa derby ya Gor na Ingwe. Mkikubali, hata derby ya kwanza baada ya hiyo tarehe ingefaa, majina kumi na moja, nusu yenu nusu yetu, na hilo moja linalobaki mchukue nyinyi, sisi tutachukua pointi tatu.

Gharama nimeifanyia hesabu kwa kichwa. Karatasi moja. Mtu wa mitambo azime tangazo la kubeti dakika mbili, hiyo labda ndiyo ngumu zaidi, ongeeni naye mapema. Mtu wa kupuliza oporo tutamleta sisi na nauli tutachanga.

Mkijibu jibuni, msipojibu nitaleta hii barua tena Novemba. Lile ua bado liko kwa mkebe kama kuna mtu anataka kuliona. Na jina la yule mtu wetu wa yago sijaliandika hapa makusudi, babu alituambia lilitamkwa kwa sauti mara ya mwisho siku tunda lilipoteremshwa shimoni, na mimi ningependa mara inayofuata iwe kwa spika ya uwanja, na watu waitikie. Nitakuja geti na karatasi yangu saa saba, mapema, kabla ya foleni.

Wenu,
Muuza jezi, Kibuye, Kisumu